Depresheni imepungua lakini mkono bado unapanda kichwani

"Daktari, niko na miaka 24, nakaa Umoja na nafanya kazi kwa duka la simu huko tao. Nimekuwa nikijing'oa nywele tangu darasa la sita, nilianza ule mwaka nilipelekwa bodingi. Saa hii utosini kuna upara mkubwa kama kisosi, nimezoea kuvaa wigi, hata kulala nalala na kilemba juu sitaki mtu anione. Mwezi wa tatu nilienda hospitali nikaambiwa niko na depresheni, nikaanzishwa sertralini ya miligramu 50. Imenisaidia, nalala, nakula, silii ovyo kama zamani. Lakini nywele bado nang'oa vilevile, tena usiku nikiwa kwa simu nashtuka tu nimejaza nywele kwa mto, na wakati mwingine ule mzizi nauweka kwa mdomo. Daktari sikumwambia hiyo ya nywele, niliona aibu. Alafu kuna hii mambo ya gesi, nikitoka kwa nyumba lazima nirudi kuangalia kama meko imezimwa, mara tano, siku zingine nimefika steji na narudi tena. Mamangu anasema ni roho chafu. Dada wa saluni anasema ni mapunye, ameniuzia mafuta mara tatu. Rafiki yangu anasema ni OCD. Sasa nauliza, hii dawa haifanyi kazi? Nimeze mbili? Ama niko na magonjwa matatu kwa kichwa kimoja? Nikinyoa zote si itaisha? Na zitawahi kurudi? Kuna siku bado naona heri nisingeamka, si ati nitajifanya kitu, ni vile nimechoka na hii siri."

Pole sana dadangu. Miaka 12 ukibeba jambo kama hili peke yako, unavaa wigi kwa jua la saa saba na unalala na kilemba ili hata mtu wa nyumbani asikuone, huo ni mzigo mkubwa na nafurahi umeutua hapa, hata kama ni kwa kuandika tu. Maswali yako nitayajibu yote lakini sitafuata mpangilio wako, nitaanza na ile sentensi ya mwisho kabisa ambayo umeiandika kama ni kitu kidogo.

Kuona heri usingeamka ni dalili ya depresheni yenyewe. Si ukosefu wa imani na wala si uvivu wa kuishi. Inaniambia kwamba depresheni yako imepungua lakini haijaisha, na daktari aliyekuandikia dawa anafaa kulijua hilo. Umri wako pia una maana hapa, sababu tangu 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwamba watu wa miaka 18 hadi 24 wanaotumia dawa za depresheni waangaliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, maana kwa wachache wao mawazo ya kufa huongezeka kabla hayajapungua. Hiyo si sababu ya kuiacha sertralini, umesema mwenyewe inakusaidia. Ni sababu ya kutomeza mbili kwa uamuzi wako mwenyewe. Na hayo mawazo yakibadilika, yatoke kwa "heri nisingeamka" yaanze kuwa "nitafanya hivi, siku fulani", ama ujikute unaweka vidonge kando, usingoje siku ya kliniki. Mwite mtu mmoja akusindikize hadi sehemu ya dharura ya hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi. Nawajua watu walionyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba, na kuwa na mawazo peke yake hakujawahi kuwa kosa. Kwa hivyo mwambie daktari vile ulivyoniambia.

Sasa tuje kwa dawa. Sertralini inafanya kazi yake. Ilitumwa kwa depresheni na imeishusha, unalala na unakula. Nywele hakuna aliyeituma huko, sababu daktari hakujua kuna nywele. Na hata angejua, ningekuambia ukweli kwamba dawa za kundi hilo zimejaribiwa kwa watu wanaojing'oa nywele, fluoksetini kwa mfano, na majaribio yale hayakuonyesha tofauti ya maana na kidonge kisicho na dawa ndani. Hapa ndipo watu wengi huumia. Mtu anapewa dawa ya depresheni, moyo unatulia, nywele zinaendelea kutoka, anaamua dawa ni bure na anaiacha ghafla, wiki mbili baadaye depresheni imerudi, na juu yake kizunguzungu na ile hali ya kama umeme kupita kichwani ambayo huja ukikata dawa hizi mara moja. Tafadhali usifanye hivyo.

Hiki kitu chako kina jina, kinaitwa trikotilomania. Jina lilitolewa 1889 na daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, baada ya kumwona kijana aliyekuwa akijing'oa nywele. Nakuambia hivyo ujue si ugonjwa wa kizazi cha simu, na si wewe umeuanzisha. Makadirio ya vitabu ni kwamba mtu mmoja au wawili kwa kila mia wanao kwa mwaka, na ingawa hesabu hizo nyingi zimefanywa ng'ambo, hata ukichukua huyo mmoja tu kwa mia, kwa Nairobi iliyohesabiwa watu karibu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2019, hao ni zaidi ya watu elfu 40. Unapita nao kwa lifti na kwa foleni ya matatu, nao pia wamevaa wigi, ama kofia, ama wamechora nyusi. Kwa wengi huanza karibu na kubalehe, miaka 10 hadi 13 hivi. Darasa la sita, bodingi mpya, mbali na nyumbani. Hadithi yako iko pale pale.

Rafiki yako aliyesema ni OCD, yaani ugonjwa wa wazo linalojirudia na kukulazimisha kufanya kitu tena na tena, hakukosea kabisa. Zamani trikotilomania iliwekwa kundi moja na tabia za kushindwa kujizuia, kama kuiba bila haja ya kile kitu. Toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, 2013, liliihamisha likaiweka karibu na OCD, na orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 imeiweka hapo pia, pamoja na ile ya kujichuna ngozi. Kwa hivyo ni jamaa za OCD, wa ukoo mmoja, lakini si mtu yule yule. Tofauti unaweza kuiona kwako mwenyewe. Ukirudi kuangalia gesi kuna wazo limekushika, nyumba itaungua, majirani watakufa, ni mimi nitakuwa nimewaua, na unarudi ili hofu ishuke. Hakuna utamu wowote kwa hiyo safari. Ukijing'oa nywele je, kuna wazo la hatari? Kwa wengi hakuna. Kuna mkono unatafuta, unapita pita, unapata unywele mmoja wenye ni mgumu ama umejikunja tofauti na wenzake, kuna msukumo unapanda, unautoa, na kwa sekunde kadhaa kuna afueni, hata raha, alafu unaangalia ule mzizi mweupe, unaupitisha kwa midomo. Wengi wanafikiri hiyo sehemu ya mdomo ni yao peke yao na ndiyo huwaaibisha zaidi ya yote. Ni kawaida sana kwa ugonjwa huu.

Hapo kwa mdomo nikuulize swali, na ujijibu kwa ukweli. Unaumeza? Kuuweka tu mdomoni na kuutoa hakuna neno, lakini wanaomeza nywele, hata kidogo kidogo, baada ya muda zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge, maana tumbo haliwezi kusaga nywele. Ukiwa unameza na unaumwa tumbo, unashiba haraka kuliko zamani, unatapika, unakonda ama umeambiwa damu iko chini, nenda hospitali mapema na utamke hilo neno, nameza nywele, sababu hakuna daktari atakayelikisia. Donge kubwa huhitaji upasuaji.

Ati una magonjwa matatu kwa kichwa kimoja? Inawezekana kabisa, na si ajabu vile unavyodhani. Kati ya watu wenye trikotilomania wale walio nayo peke yake ndio wachache. Wengi wana depresheni, ama wasiwasi uliopita kiasi, OCD, kujichuna ngozi, ADHD (ile shida ya kutotulia na kutoweka akili mahali pamoja), au makovu ya jambo baya walilopitia. Kwa nini vinatembea pamoja? Kuna sehemu ya kurithi. Utafiti mmoja wa mapacha uliochapishwa 2009 ulikuta kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiwa nayo, karibu 38 kwa mia ya wenzao walikuwa nayo pia, na kwa mapacha wasiofanana hakukuwa na hata mmoja. Mapacha waliochunguzwa hawakuwa wengi kwa hivyo hiyo namba usiibebe kama amri, ila inaonyesha mbegu iko kwa damu, na mara nyingi nikiuliza kwa upole kuhusu familia ninasikia kuna shangazi wa kujitafuna kucha, ama babu ambaye hakuweza kulala kabla ya kuhesabu kufuli. Lakini kurithi si hadithi yote, sababu hivi vitu pia vinalishana. Angalia yako. Nywele zilianza ukiwa na miaka 12 hivi, depresheni imekuja ukubwani. Katikati hapo kuna miaka ya kukataa kuogelea na wenzako, kukataa kulala kwa marafiki, kuogopa upepo, kuogopa mtu akikuwekea mkono kichwani, kukataa penzi labda. Mtu yeyote akiishi hivyo moyo unachoka. Na moyo ukichoka unakaa zaidi peke yako kwa kitanda na simu, na kitanda na simu ndipo mkono hupanda. Hilo duara ndilo unaloliita siri.

Ndiyo maana nasema jambo moja, na ukisahau mengine yote hili lishike: nywele zinataka tiba yake, depresheni inataka yake, na gesi, kama daktari atathibitisha ni OCD, inataka yake, hata kama dawa moja inaweza kugusa mbili kati ya hizo. Chukua hilo swali lako la kumeza mbili. Kwa OCD, dozi ya sertralini mara nyingi hupandishwa juu kuliko ile ya depresheni, na husubiriwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama imesaidia. Kwa hivyo kuongeza dozi inaweza kuwa uamuzi mzuri sana kwa upande wa gesi, na pengine kwa depresheni ambayo haijaisha, na bado isibadilishe chochote kwa nywele. Unaona sasa kwa nini daktari lazima ajue yote matatu? Akijua moja tu atapima dawa kwa kipimo kisicho chake.

Kuna mengine ambayo ataulizia na nakuomba usiyapite. Kama umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo za kutolala na bado una nguvu nyingi, unaongea mbio, unatumia pesa ovyo, mwambie, sababu hiyo inaweza kuwa baipola, ule ugonjwa wa moyo kupanda mno na kushuka mno, na dawa ya depresheni peke yake inaweza kumrusha mtu wa baipola juu zaidi. Kama tangu utotoni umekuwa mtu wa kusahau na kutotulia, ADHD nayo itaangaliwa, na dawa zake za kuamsha kuna watu wananyonyoa zaidi wakizitumia na kuna wenye zinawasaidia, kwa hivyo zinaanzwa kwa uangalizi. Na kama unang'oa kwa sababu sauti inakuamuru ama unaamini kuna wadudu chini ya ngozi, hiyo ni njia nyingine ya matibabu kabisa. Sioni dalili zake kwa barua yako, nataja tu maana wengine wanasoma. Damu pia ipimwe, wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo, sababu tezi ikiwa chini inaleta uchovu na huzuni na kupunguza nywele, na mtu anaweza kuitwa wa depresheni miaka mitatu kumbe ni tezi.

Mapunye sasa. Dada wa saluni simlaumu, ameona upara akasema anachojua, lakini mapunye ni fangasi, mara nyingi ni ya watoto, kichwa huwa na magamba na kuwasha, na hata ikiwa ni mapunye kweli mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, hutibiwa kwa vidonge vya fangasi. Kuna ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele, huo huacha duara laini kabisa kama shavu. Kuna kukatika kwa nywele za pembeni na za paji kwa kusuka matuta yaliyokazwa mno miaka nenda miaka rudi. Upara wa kunyonyoa una sura yake, hauko laini, ukipitisha kidole unahisi nywele fupi za urefu tofauti tofauti, zingine zimekatika zingine ndio zinaota. Daktari wa ngozi akiwa na kile kioo cha kukuza huona tofauti kwa dakika chache, na ingekuwa vizuri akuone mara moja, sababu unaweza kuwa nayo mawili pamoja, wigi lenye gundi na matuta ya chini yake pia yanavuta nywele.

Umeuliza kunyoa. Nitakuwa mkweli, kuna watu imewasaidia. Wananyoa, mkono unapanda hauna cha kushika, wanapata miezi ya kupumua, na hapa kwetu mwanamke mwenye kichwa kimenyolewa vizuri hashangazwi na mtu. Lakini msukumo haujanyolewa. Wengine mkono unahamia kwa nyusi na kope, na kope ni mbaya zaidi kuficha, wengine wanangoja tu zifike nusu sentimita wanaanza upya na safari hii wanajiona wameshindwa mara mbili. Ukitaka kunyoa, nyoa kwa sababu unapenda au unataka kupumzika kidogo huku tiba inaendelea. Usinyoe kama adhabu.

Tiba yenyewe ambayo ina ushahidi mzuri kuliko zote ni ya mafunzo, na si ya kuchimba utoto wako miaka mitatu. Inaitwa kugeuza mazoea, na wanasaikolojia wawili Wamarekani, Azrin na Nunn, waliiandika 1973. Mwanzo wake ni kujua mkono uko wapi. Ung'oaji uko wa aina mbili na watu wengi wana zote. Kuna ule wa mkono kwenda wenyewe huku akili iko kwingine, huo wako wa usiku na simu, ama kwa jam ya Jogoo Road umeegemea dirisha. Na kuna ule wa kukusudia, umekasirika, umetoka kugombana na mteja, unaenda mbele ya kioo unatafuta ule unywele mmoja. Ule wa kwanza unatibiwa zaidi kwa kuuzuia mkono na kuamsha akili, wa pili unataka ujifunze kufanya nini na hisia yenyewe. Ukitumia dawa ya wa kwanza kwa wa pili utachoka bure.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hata hujapata kliniki, andika kwa simu kila mara ukishtuka: saa ngapi, uko wapi, mkono gani, ulikuwa unahisi nini. Usihesabu nywele. Usijitukane. Ukifika siku ya saba utaona kuna sehemu mbili au tatu tu zenye hubeba karibu yote. Kwako nadhani kitanda kitakuwa moja. Basi hapo ndipo unaweka vizuizi, kile kilemba unachovaa kwa aibu kivae sasa kwa kazi, plasta kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada kila ukishika simu usiku, taa iwake, usilale ubavu ule ambao mkono uko huru karibu na utosi, simu ichajiwe mbali na kitanda kama unaweza. Kibanio cha nyusi kama unacho kipe mtu. Alafu unajifunza kitu cha kufanya mahali pa kung'oa. Ukihisi mkono unapanda, ama umefika tayari, unakunja ngumi polepole, kiwiko ukikibana ubavuni, unakaa hivyo dakika moja ama zaidi hadi ile hamu ishuke. Itashuka. Inapanda kama wimbi na huwezi kuamini itashuka mpaka uione ikishuka mara kumi. Wengine wanashika rozari, wengine uzi wa kufuma, kuna mmoja alikuwa anamenya njegere usiku na ilimsaidia kwa sababu vidole vilikuwa vinatafuta kazi ndogo ya kutafuta na kutoa.

Sisemi hiyo ni rahisi. Kwa mtu mwenye depresheni nzito, kuandika kila siku na kukunja ngumi ni kumwongezea deni, na ndiyo maana mara nyingi natanguliza kuinua moyo kwanza alafu nywele. Wewe umeshainuka kiasi, unalala, una nguvu ya kuandika barua ndefu kama hii, kwa hivyo naona wakati wako wa nywele umefika, huku depresheni ikiendelea kutibiwa pembeni. Ya gesi ina mafunzo yake tofauti, ya kutoka nje mara moja na kuivumilia hofu bila kurudi, na hiyo usiianze peke yako, anza na mtu anayejua.

Dawa za nywele zenyewe zipo? Hakuna iliyopitishwa rasmi na mamlaka ya Marekani kwa ugonjwa huu hadi leo. Kuna asetilisisteini, wengi wanaiita NAC. Mwaka 2009 ilijaribiwa kwa watu wazima 50 kwa wiki 12, zaidi ya nusu ya walioipata walipata nafuu kubwa ukilinganisha na 16 kwa mia wa kidonge kitupu, lakini ilipojaribiwa kwa watoto 2013 haikusaidia. 2023 kukatoka jaribio la memantini, dawa ambayo hutumika kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu, kwa watu 100 wanaojing'oa nywele au kujichuna ngozi na kwa wiki 8, na matokeo yalikuwa mazuri sana, ila ni jaribio moja. Klomipramini ni ya zamani, inaweza kusaidia lakini ina madhara zaidi na haichanganywi na sertralini hivi hivi. Kwa hivyo ukienda duka la dawa na kuagiza NAC kwa jina nililotaja hapa utakuwa umenisikia vibaya. Mpelekee daktari kama swali.

Sasa hiyo aibu ya kumwambia. Usijaribu kusema kwa mdomo kama inakukwama. Andika kwa karatasi au kwa simu: "Najing'oa nywele tangu nikiwa 12, sikukuambia. Naangalia gesi mara tano. Siku zingine naona heri nisingeamka." Ukiingia mpe asome kabla hujakaa. Akikucheka ama akikuambia uache tu, huyo si wako, tafuta mwingine, na kosa halitakuwa lako. Pale Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili huko Nairobi, kuna kliniki ya wagonjwa wa kutoka nyumbani, na najua hilo jina limetumiwa kama tusi mtaani tangu tukiwa watoto, lakini wanaoingia hapo kila asubuhi ni watu wa kazi na wanafunzi kama wewe, wanaonwa na kurudi zao. Hospitali ya Kenyatta pia kuna idara ya magonjwa ya akili. Ukichagua kaunsela wa kibinafsi, muulize kama amesajiliwa, sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ipo tangu 2014, na muulize moja kwa moja kama amewahi kumfundisha mtu kugeuza mazoea. Akisema hajawahi lakini yuko tayari kusoma na kujaribu nawe, mimi ningempa nafasi kuliko yule anayejua kila kitu.

Na mama. Mamako anakupenda na ameogopa, neno alilonalo la kitu kinachomshika mtu asichoweza kujizuia ni hilo la roho. Akitaka kukuombea mwache akuombee, kama nawe unapata faraja hapo, maombi hayagombani na sertralini mradi hakuna anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani. Siku moja nenda naye kliniki, daktari amweleze. Mwombe jambo moja tu, asiseme "acha!" akiona mkono umepanda, maana hilo neno linaleta aibu na aibu inaleta mkono. Mkubaliane ishara ndogo, akuitie chai, ama akuguse bega.

Zitarudi? Kwa wengi ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kung'oa unywele hakuui shina lake mara moja. Pale ulipong'oa sana kwa miaka mingi kuna mashina yanaweza kuwa yamechoka na kuacha kovu, kwa hivyo kwa miaka 12 siwezi kukuahidi utosi wote, na zinazorudi wakati mwingine huja na ugumu ama rangi tofauti na za zamani. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, zetu zilizojikunja huonekana polepole zaidi. Miezi ya kwanza ndiyo mitihani, sababu vile vijinywele vifupi vinawasha, vinasimama, na kwa vidole vyako kila kimoja kitakuwa kama ule unywele mmoja mgumu. Hapo kilemba kikae hata mchana ukiwa nyumbani, pakaa mafuta kidogo pateleze, na tarehe ya kliniki iwe karibu.